Kijiji Kilichoipa Ndege Kisogo

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Sasa tusipoteze muda.

Mjukuu wangu Neema amewaambia wenzake chuoni kwamba bibi yake alikuwa nesi. Si kweli. Nilikuwa mhudumu wa wodi, maana yake nilimwaga vyombo vya wagonjwa, nilipiga deki, niligeuza watu wasipate vidonda vya mgongo. Ndipo zikaja enzi za ruksa. Serikali ikapunguza watumishi, na mimi nikapunguzwa. Maduka ya Singida mjini yakajaa sabuni za kila rangi, na mimi sina tena sakafu ya kusugua. Ndivyo ilivyokuwa.

Kazi ninayowaandikia ni ile iliyofuata, na hata leo sijui iitweje. Mjini waliniita mama wa kuokota wazungu. Nilichukia jina hilo, lakini halikuwa uongo.

Mtu wa Ulaya akitaka kusafiri, kwao hukata bima, akapewa kadi yenye namba ya simu. Akivunjika mguu anapiga. Akiharisha anapiga. Akiogopa tu, anapiga. Huko Ulaya wakipokea, wanaiita ofisi yetu ya Dar es Salaam. Dar wanapiga simu ya duka la vipuri lililopakana na nyumba yangu. Mwenye duka anagonga bati kwa spana, nami naacha ugali motoni, nakwenda. Hiyo ndiyo ilikuwa mitambo yetu. Ilifanya kazi kuliko baadhi ya hiyo mnayotembea nayo mifukoni, maana lile bati halikuishiwa chaji.

Tulikuwa wawili mkoa mzima. Mimi wa magonjwa, na Mzee Msengi, sajini mstaafu wa polisi, wa usalama. Mzee Msengi hakuwa na bunduki. Alikuwa na koti refu la kijeshi na kikohozi. Akikohoa mara moja, vibaka wanatawanyika. Ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama Neema, mgonjwa wa bima ana maadui wawili: ugonjwa, na watu wema. Ugonjwa utauona. Watu wema watakuja na uji." (Mama Neema ndiyo mimi. Neema wa kwanza ni binti yangu, huyu wa chuo amerithi jina tu, tabia bado.)

Nilicheka. Nikaja kuacha kucheka.

Niwape kwanza kosa langu dogo, ndipo mtaelewa lile kubwa. Mgonjwa wangu wa pili alikuwa mama mmoja mtalii, malaria imempanda kichwani, kalala nyumba ya wageni Manyoni. Nikapiga simu Dar. Daktari Zuhura, bosi wetu, akaniuliza, "Mama, mgonjwa hajambo?" Nikajibu nilivyolelewa: "Hajambo, tunamshukuru Mungu." Nani aliyelelewa na wazazi akaanza na habari mbaya? Kwanza unapokea salamu, unauliza watoto, unauliza mvua, ndipo unasema "ila." Basi nilipofika kwenye "ila," laini ikakatika. Daktari akaandika mgonjwa hajambo, ndege akaipeleka kwingine. Mama wa watu akalala siku moja zaidi anaita majina ya watu wasiokuwepo. Alipona, lakini si kwa akili yangu.

Daktari Zuhura hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, wewe nipe namba. Salamu nitakuja kuzichukua mwenyewe." Tangu siku hiyo nilianza na joto la mwili, mapigo ya moyo, pumzi, na mara ya mwisho amekojoa lini. Nyinyi mnaosomea mambo ya afya, chukueni hilo la mwisho. Kukojoa hakudanganyi.

Sasa lile kosa kubwa: mnunuzi wa asali.

Aliitwa Bwana Pita. Mzungu mrefu, mwekundu kama nyanya, mpole. Alikuja baada ya biashara kufunguliwa, wakati watu wa kijiji cha Sepuka walikuwa hawajawahi kumwona mnunuzi wa asali ambaye si wa ushirika. Alionja kila mzinga, alisifu kila mzinga. Kijiji kikampenda. Niseme ukweli, wengine walimpenda yeye, wengine walipenda mizinga yao, lakini upendo ulikuwepo.

Siku ya nne tumbo likamshika. Lilianzia kitovuni, likashuka kulia, chini. Zahanati ya kijiji ilikuwa na tabibu kijana, Daudi, mwenye akili, na redio ya upepo waliyoiacha watu wa mradi wa maji. Daudi akamgusa, akajua: kidole tumbo. Gari la Bwana Pita lilikuwepo, lakini barabara ya wakati ule, mvua zimetoka kuichana, kumpitisha mtu wa kidole tumbo ni kumpasulia njiani. Daudi akaita Dar. Dar wakasema ndege itakuja kesho. Nyuma ya zahanati kulikuwa na kiwanja ambacho mradi wa maji walikisawazisha kwa greda wakisubiri ndege ya mkubwa wao. Ndege hiyo haikuja. Ng'ombe ndio waliokipokea.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Kilichoharibu ni adabu.

Mgeni akiugua kwako, hiyo ni aibu yako. Unakwenda kumwona. Unafika, unasalimu, unakaa chini, unanyamaza. Kelele kwa mgonjwa ni ushenzi. Unakaa nusu siku ukipenda, na kadiri unavyonyamaza ndivyo unavyompenda. Asubuhi yake, siku ya ndege, watu kama sitini walikuwa wamekaa mbele ya zahanati, kimya. Na kwa kuwa ni wafugaji, kila mwanamume ana fimbo. Na kwa kuwa wengine wako njiani kwenda shamba, wana mapanga.

Bwana Pita akachungulia dirishani. Akaona watu sitini, fimbo, mapanga, hakuna anayesema neno, wote wanamtazama yeye.

Akashika redio mwenyewe, akawaambia Dar amezingirwa na watu wenye silaha. Kisha akasukuma meza mlangoni, Daudi akabaki nje na kipimajoto chake.

Bati likagongwa kwangu saa kumi na mbili na nusu. Daktari Zuhura yupo kwenye simu, na mara hii sauti imekaza. "Mama, sikiliza. Sheria ya kampuni: penye tishio la usalama ndege haitui mpaka mtu wetu athibitishe kuko salama. Mzee Msengi yuko wapi?"

"Yuko Itigi, ana homa."

"Basi ni wewe. Ndege nimeiombea saa sita. Leo hii hii, Mama. Kidole kikipasuka, kesho haitakuwa na maana. Na uthibitishe kwamba ni yeye kweli na hajalazimishwa. Mwulize mbwa wake wa utotoni aliitwa nani. Jibu alilotuandikia kwenye fomu ya bima ni Bruno."

Nikafikiri simu imeharibika. "Mbwa?"

"Mbwa."

Mtu mzima anakufa kwa tumbo, mimi nikamwulize habari za mbwa. Lakini kazi ni kazi. Nikapanda lori la vitunguu, nikakaa juu ya magunia, nikafika Sepuka kwenye saa tatu nanuka mboga.

Nikashuka katikati ya ule umati. Nikawasalimu wazee, wakanipokea, tukaulizana hali. Nilifupisha, nao wakaona nimefupisha. Aliyekuwa mbele kabisa, kwenye kigoda, alikuwa Mzee Ntandu, mwenye mizinga mingi kuliko wote. Pembeni yake kuku kumi na kitu wamefungwa miguu, mayai kwenye ungo, uji wa ulezi, na asali, asali, asali. Nikaona maneno ya Mzee Msengi yamekaa mstari.

"Mmempa chochote?"

"Amekataa," akasema Mzee Ntandu kwa uchungu. "Mlango ameufunga. Mama, tumemkosea nini?"

"Hamjakosea. Na Mungu amemsaidia kukataa. Mtu wa tumbo hapewi kitu, hata maji ya kulamba."

Nikaenda dirishani na Daudi, maana Kiingereza changu kilikuwa cha wodi: lala, geuka, inauma hapa, inauma pale. Daudi akamwambia mimi ni wa kampuni. Nikainua kadi yangu. Bwana Pita akatazama kadi, akatazama kanga yangu na maganda ya vitunguu kichwani, akatikisa kichwa. Kadi hata mwizi anaweza kuwa nayo. Hapo hakuwa mjinga.

Nilipaswa kuuliza swali. Lakini nilikuwa nimechoka, jua linapanda, nikaona kuuliza na kungoja kutafsiriwa ni kuchelewa. Nikapaza sauti, "Bruno! Bruno!"

Wanawake nyuma yangu wakadhani naita mzimu wa ukoo wake. Nani atamwacha mwenzake aite mzimu peke yake? Wakapokea: "Brunoooo!" Wanaume nao, kwa sauti nene, "Bruno!" Kijiji kizima cha Sepuka kinamwita mbwa wa Ulaya aliyekufa zamani.

Ndani nikasikia mtu anacheka na kulia kwa pamoja, anajishika tumbo. Meza ikavutwa.

Mzee Msengi aliniandama juu ya hilo mpaka homa yake ikapona: "Swali huulizwa, Mama Neema! Jibu halitangazwi!" Ana haki. Msifanye nilivyofanya.

Nikamshika. Joto liko juu, moyo unakimbia kama mbuzi aliyeona fisi, tumbo upande wa kulia gumu. Amekojoa alfajiri. Nikampa Dar namba zote, salamu hata moja sikutoa. Daktari Zuhura akasema, "Vizuri. Sasa ondoa watu. Rubani ameambiwa kuna watu wenye silaha. Akiona mtu mmoja ana panga, anarudi."

Nikatoka nje nikawaambia warudi makwao.

Mzee Ntandu hakusimama hata. "Mama, umetoka mjini. Hapa hatufukuzani kwa mgonjwa. Hata kwa adui yangu mimi nikikaa, huniinui."

"Mzee, ni amri ya kampuni."

"Hiyo kampuni ina mama?"

Watu wakaguna. Nikaona nikishindana naye nitashindwa mbele ya umati, na mkubwa akishindwa hadharani hasikilizwi tena. Hapo nikafanya ujanja ambao niliuona mzuri sana. Nikasema, "Basi nisaidieni. Kiwanja kina ng'ombe, kina vichuguu, kina miiba. Ndege itakuja saa sita. Anayempenda mgeni akasafishe."

Wajukuu, sijawahi kuona watu wanafanya kazi vile. Ng'ombe walitolewa, vichuguu vikavunjwa, miiba ikafyekwa. Wengine wakaja kutoka vitongojini waliposikia. Sitini wakawa mia. Mimi nimesimama kivulini najisifu. Nikaenda redioni nikasema: kiwanja kiko tayari, salama.

Saa sita ndege ikaja. Ikateremka kutoka upande wa jua. Na kile kijiji, kwa furaha, kikakimbia katikati ya kiwanja kuipokea. Watu mia moja, wanapunga fimbo. Wanapunga mapanga. Wanapiga vigelegele ambavyo juu kule havisikiki.

Ndege ikanyanyua pua, ikapaa.

Daudi akatoka redioni anakimbia, shati limetoka nje. "Mama! Rubani anasema kiwanja kimetekwa! Atazunguka dakika ishirini, mafuta yakifika kiwango anaondoka!"

Nikarudi ndani kwa mgonjwa, na huko ndiko nilikoogopa kweli. Bwana Pita alikuwa amelala anatabasamu. Akamwambia Daudi maumivu yameisha. Yameisha ghafla, kama kuzima taa. Anashukuru, anajiona amepona, anasema labda hata ndege haihitajiki.

Daudi akaanza kufurahi. Nikamfinya mkono.

Sikilizeni, na hili mlishike kuliko yote niliyoandika. Tumbo la kidole likiuma siku nzima halafu likanyamaza lenyewe, msishukuru. Limepasuka. Mtu anapata muda wa raha, halafu tumbo zima linakuwa gumu kama ubao. Wodini nimewageuza watu wawili wa namna hiyo. Wote walitabasamu kwanza. Wa pili alikuwa msichana, aliniomba kitana achane nywele.

Nikatoka. Sikumbuki nilivyofika kiwanjani. Nikapiga kelele mpaka koo likachubuka: "Kaeni chini!"

Wakakaa. Ndege ikapita tena juu, ikaangalia, haikushuka. Watu mia wamekaa, nyuso zote zimeelekea juu, fimbo magotini. Nikajiweka kwenye kiti cha rubani. Ningekuwa mimi nisingeshuka.

"Leteni fimbo zote hapa! Mapanga yote! Miguuni pangu!"

Wakaleta. Lundo likafika kiunoni.

"Sasa nendeni pembeni kabisa, kule kwenye vichaka. Mkae chini na mgeuke. Mgongo kwa ndege. Asionekane mtu uso."

Hapo hakuna aliyeondoka.

Mzee Ntandu akasema taratibu, "Nimpe mgeni kisogo?"

Nyinyi wa siku hizi mtaona ni jambo dogo. Kwa mzee yule, kumgeuzia mgongo mgeni anayeondoka, tena mgonjwa, ni sawa na kumtemea mate. Afadhali ungemwambia avue nguo.

"Mzee wangu," nikasema, na hapo sauti ya ukali ilikuwa imeniisha, "yule mtoto wa watu tumbo limepasuka. Anacheka kule ndani na hajui. Aliye juu anaogopa macho yenu. Mkimtazama, anaondoka, na mgeni wenu mtamzika hapa. Mpeni kisogo apone. Aibu nitaibeba mimi."

Ndege ilikuwa inageuka upande wa mashariki.

Mzee Ntandu akachukua kigoda chake, akatembea hadi pembeni ya kiwanja, akakigeuza, akakaa akiangalia mabua ya mtama uliovunwa. Mkewe akamfuata, akageuka. Halafu mmoja mmoja, halafu wote, mstari mrefu wa migongo, kanga na makoti na mashuka, akina mama wamewakandamiza watoto vichwa mapajani.

Katikati nikabaki mimi na lundo la fimbo, na Daudi na wanaume watatu wamebeba kitanda cha kamba, nacho kina Bwana Pita amefunikwa shuka jeupe. Wale watatu nao walitembea wameinamisha nyuso kama wanatafuta sindano.

Ikatua.

Vumbi lilitufunika wote. Nikasikia mlango, nikamwona nesi wa ndege anaruka chini, nikampa namba: joto, mapigo, pumzi, maumivu yamekoma saa sita na dakika nane, tumbo linaanza kuwa gumu, hajala, hajanywa. Alinitazama mara moja tu, akajua maana yake. Wakampandisha. Nilikuwa nimeshika mkono wa Bwana Pita nahesabu mapigo mpaka mlango uliponinyang'anya. Tabasamu lilikuwa limeshamwacha.

Wakapaa.

Mlio ulipofifia, nikamsikia Mzee Ntandu, bado kanipa mgongo, vumbi limemjaa mabegani. "Mama, tugeuke?"

"Geukeni. Imekwenda."

Wakageuka. Wakatazama mbingu, mbingu tupu. Wakatazama kiwanja, alama za magurudumu tu. Ndege ya kwanza kutua Sepuka maishani mwao, na kijiji kizima hakikuiona ikitua. Hata mtoto mmoja hakuchungulia. Niliuliza baadaye, mama zao waliapa.

Wakanizunguka. Mzee Ntandu akauliza kwa niaba ya wote, "Ilipokaa chini, ilikuwaje? Ina rangi gani?"

Niliona tumbo, niliona kucha za Bwana Pita zimeanza kuwa za bluu, nilihesabu mapigo. Ndege sikuiona hata mimi.

Lakini walikuwa wananitazama, watu mia moja wenye vumbi.

"Nyekundu," nikasema. "Nyekundu tupu, na pua kama ya fahali."

Wakashusha pumzi. Wengine wakaanza kuwasimulia watoto saa ile ile.

Hakuna aliyekwenda nyumbani. Tulikaa mbele ya zahanati, kimya, na mara hii sikumfukuza mtu. Jua lilikuwa limeelekea kushuka redio ilipoita. Daktari Zuhura alisema wamemfungua, tumbo lilikuwa limechafuka, wameliosha, yu hai, na ataishi. Nilimwambia asante, halafu, kwa mara ya kwanza kwenye redio ya kazi, nikamwuliza habari za watoto wake. Akanijibu mmoja mmoja.

Nikatoka nje nikawaambia.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Ntandu akasimama, akajikung'uta vumbi, akachukua fimbo yake kutoka kwenye lundo, akawaambia watu, "Ile nyekundu imemfikisha."

Ilikuwa nyeupe. Miezi miwili baadaye niliiona tena kwingine, nikamwuliza rubani kama ndiyo ile, akasema kampuni ina ndege hiyo moja tu, na tangu inunuliwe ni nyeupe. Nilipita Sepuka mara nyingi baada ya hapo, nikakuta watoto wanaichora mchangani na kuipaka udongo mwekundu. Nikawatazama, nikaenda zangu.